Sanamu ya kamongo inayoitikia watazamaji: kichwa kinatetemeka, na watu hawaelewi kwamba inawasikia

fundi_chuma_Nyakato anauliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nyakato, Mwanza. Kwa kushirikiana na kijana mmoja anayetengeneza redio na simu, tumeanza kuunda sanamu ya kamongo, yule samaki wa topeni, yenye urefu wa takriban mita 2, ambayo tunakusudia kuionyesha katika viwanja vya Nyamhongolo wakati wa Nane Nane. Hatutaki iwe sanamu ya kusimama tu na kupigiwa picha. Tunataka kamongo huyu akae ndani ya dimbwi la udongo wa kuigiza, atoe kichwa pale watu wanapomkaribia kwa utulivu na azame pale wanapopiga kelele, kwa sababu kamongo halisi naye hulazimika kupanda juu ya maji kuvuta hewa, na ukimshtua akiwa hapo juu humwoni tena.

Mifupa yake ni ya bomba jembamba, na ngozi ni sponji ya godoro iliyofunikwa kwa turubai. Kuanzia kiungo cha shingo hadi kwenye pua ni sentimita 40, na sehemu hiyo yote ina uzito wa kilo 1.5. Tumefunga sevo 4 (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa) za MG996R zenye gia za chuma, moja ikiinua shingo na nyingine zikigeuza kichwa, kufungua taya na kusogeza mashavu. Zinaongozwa na bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, yenye kihisi cha umbali cha HC-SR04 na maikrofoni ndogo. Umeme wa sevo zote tunauchukua kwenye tundu la volti 5 la bodi yenyewe, nayo imechomekwa kwenye kompyuta mpakato.

Matatizo ni mawili. La kwanza, kichwa kinapoanza kuinuka hutetemeka, kisha bodi hujizima na kuanza upya, na kamongo anaanguka kidevu chini. La pili ndilo linaloniumiza zaidi: hata pale mitambo inapokwenda vizuri, watu wanaopita karakana hawatambui kwamba sanamu inawaitikia. Wanaiona kama mwanasesere wa betri anayerudia mwendo uleule, wanatazama kidogo kisha wanaendelea na safari zao. Wapo walionishauri niongeze mota za mkia na mapezi, na taa nyekundu machoni. Kabla sijaingia katika gharama hiyo, naomba mawazo yenu.

saketi_Igoma anajibu:

Ndugu fundi, hongera kwa kazi. Nitajibu lile la kwanza tu, kwa kuwa ndilo ninalolielewa, na jibu lake lina pande mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Upande wa umeme ni mwepisi. Sevo moja ya MG996R inapozidiwa na mzigo inaweza kuvuta ampea 2.5 hivi kwa volti 6, kwa hiyo zote nne zikikwama kwa pamoja zinataka ampea 10, ilhali tundu la kompyuta linatoa nusu ampea. Sevo ya shingo inapojikaza, volti inashuka, na bodi inazimika kwa kukosa umeme wa kuiendesha. Chukua betri ya volti 12, weka kipunguza volti chenye uwezo wa ampea 10 au zaidi kikushushie hadi volti 6, kisha peleka umeme huo moja kwa moja kwenye sevo bila kupitia kwenye bodi. Bodi ipe njia yake yenyewe. Waya hasi wa pande zote mbili lazima uunganishwe, la sivyo amri za bodi hazitasomeka na sevo zitarukaruka ovyo. Ongeza kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya maikrofaradi 1,000 au zaidi karibu kabisa na sevo, tumia waya mnene, na usisahau fyuzi kwenye betri.

Upande wa pili ni wa chuma, na huo hata umeme wa bwawa zima hauwezi kuuponya. Sevo hiyo ina nguvu ya kushikilia kilo 10 hivi kwenye mkono wa sentimita 1. Kichwa chako kina kilo 1.5, na tukikadiria kwamba kitovu cha uzito kiko sentimita 25 kutoka kwenye kiungo, shingo inapolala usawa unahitaji kilo 37.5 kwenye mkono huohuo wa sentimita 1, yaani karibu mara nne ya uwezo wa sevo. Kutetemeka unakokuona ni sevo kufika, kuzidiwa, kurudi na kujaribu tena. Usinunue sevo kubwa kwanza, uondoe uzito kwanza. Ukifunga kilo 3 nyuma ya kiungo kwa umbali wa sentimita 12.5, shingo itabaki imesawazika na sevo itakuwa na kazi ya kusukuma tu. Binafsi ningependelea springi, kwa kuwa uzito wa nyuma unafanya kichwa kiwe kizito kuanza na kizito kusimama. Springi za stendi ya pikipiki zinapatikana kila kona ya mji. Jaribu moja au mbili mpaka uone kwamba ukiinua kichwa kwa kidole na kukiachia, kinabaki pale pale ulipokiacha.

Ikiwa baada ya hapo bado unataka nguvu zaidi, tafuta mota ya waipa (ile ya kufutia kioo cha gari) kwa wauza vipuri vya magari yaliyochakaa. Inatumia volti 12, ina gia ya ndani inayoipa nguvu nyingi kwa mwendo wa polepole, na haijali vumbi la mwezi wa nane. Kasoro yake ni kwamba haijui ilipofika, hivyo itabidi ufunge kwenye kiungo kile kizungushio cha sauti cha redio ili bodi isome pembe.

mchongaji_Bukoba anajibu:

Ndugu yangu wa Nyakato, salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Aliyetangulia ameeleza vizuri, nami nitashika tatizo la pili. Usiongeze mota hata moja, na hizo taa nyekundu waachie wauza simu.

Iko sanamu moja ambayo kila anayefanya kazi ya namna hii angepaswa kuijua. Inaitwa Senster, na iliundwa na Edward Ihnatowicz, mchongaji mzaliwa wa Polandi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Kampuni ya Philips iliiweka kwenye jengo lake la maonyesho la Evoluon, mjini Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1970. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4, mabomba ya chuma matupu bila ngozi wala macho, ikisukumwa kwa haidroli, yaani kwa shinikizo la mafuta, na kuongozwa na kompyuta ambayo kwa uwezo haifikii hata simu ya tochi ya leo. Kichwani ilikuwa na maikrofoni na rada ndogo. Kanuni zake zilikuwa chache mno: sauti ya wastani iliivuta isogee, kelele kubwa na mwendo wa ghafla viliifanya ijivute nyuma. Watu waliokuja kuiangalia waliiona kama mnyama mwenye hisia, na Ihnatowicz mwenyewe alitambua kwamba ule utata waliouona haukuwemo kwenye programu, bali ulitokana na mwangwi wa ukumbi na vituko vya umati. Sanamu iliazima uhai kwa watazamaji wake. Iliondolewa katikati ya miaka ya 1970, mifupa yake ikabaki Uholanzi kwa miongo kadhaa, hadi Chuo Kikuu cha AGH cha Kraków, Polandi, kilipoinunua mwaka 2017 na kuifufua.

Kabla ya hiyo alikuwa ameunda nyingine ndogo iliyoitwa SAM, iliyoonyeshwa London mwaka 1968, ambayo iligeuza kichwa chake chenye umbo la ua kuelekea kwenye sauti ya chini inayodumu. Watu walikaa mbele yake muda mrefu wakitafuta kiwango cha sauti kitakachoifanya igeuke. Hapo ndipo penye somo lako. Mtu anayetafuta kiwango cha sauti haondoki.

Sasa mtazame kamongo wako. Sevo nne, kihisi cha umbali, maikrofoni, na kila kimoja kinaamuru kitu chake. Mtazamaji anapokaribia, taya linafunguka, mashavu yanacheza, kichwa kinageuka, vyote kwa pamoja, naye hawezi kujua ni kipi alichokisababisha yeye. Chagua kanuni moja: kimya kinampandisha, kelele inamzamisha. Mengine yote yatumikie hiyo. Halafu tenganisha itikio la haraka na mwendo mkubwa. Mtoto akipiga makofi, shavu lishtuke ndani ya nusu sekunde, ili ajue kwamba amesikiwa. Baada ya hapo ndipo mwili uzame polepole kwa sekunde tatu au nne. Ukisubiri muda mrefu bila ishara yoyote, mtoto ameshamgeukia mwenzake. Ukiharakisha mwili wote, unapata mashine ya kusaga.

Kuhusu mapezi: kamongo ana mapezi marefu membamba kama kamba. Yatengeneze kwa mpira mwembamba, yaning'inize bila mota, nayo yatatikisika yenyewe kila mwili unaposogea na kuendelea kidogo baada ya mwili kutulia. Mkia hauna haja ya kuonekana, uko kwenye tope.

Jambo la mwisho, kamongo asiwe mfu wakati hakuna mtu. Mashavu yapande na kushuka kwa taratibu, wala si kwa vipimo sawasawa kama saa ya ukutani. Anayepita kwa mbali aone kwamba kuna kitu kinapumua kwenye udongo, aje mwenyewe.

fundi_chuma_Nyakato:

Nawashukuru sana nyote wawili. Springi mbili za stendi zimetosha na kichwa sasa kinasimama popote ninapokiacha. Umeme tumeutenganisha na bodi haijazimika tena.

Naona hata hivyo kwamba kanuni ya kimya ina vikwazo viwili. Kwanza, Nyamhongolo wakati wa Nane Nane hakuna kimya. Kila banda lina spika yake, mmoja anatangaza mbegu, mwingine anapiga singeli, na kamongo atakuwa chini kuanzia asubuhi hadi jioni. Pili, maikrofoni inasikia sevo zenyewe. Tulipojaribu jana kamongo alipanda, akasikia mlio wa shingo yake, akazama, akasikia mlio wa kuzama, akakataa kutoka. Kijana wangu amecheka mpaka ameshika ukuta, lakini kwenye maonyesho haitachekesha.

saketi_Igoma anajibu:

La pili ndilo jepesi, tulimalize. Programu ipuuze maikrofoni kila mota inapotembea na kwa robo sekunde baada ya kusimama. Kwa sababu mwendo wako mkubwa ni wa polepole, usimfanye kiziwi kwa safari nzima: gawanya safari ya kupanda katika vituo vitatu au vinne, na kwenye kila kituo asimame kidogo, asikilize, kisha aendelee. Kwa macho ya mtazamaji itaonekana kama tahadhari. Maikrofoni yenyewe iondoe kwenye fremu ya chuma, uitundike kwenye kipande cha sponji upande wa watazamaji, maana chuma kinabeba mlio wa gia kuliko hewa inavyoubeba.

Kuhusu kelele za uwanja, usiweke kiwango kimoja cha kudumu. Bodi inasoma sauti kwa namba kati ya 0 na 1023. Iache ihesabu wastani wa dakika nzima iliyopita, na huo ndio uwe kimya cha mahali hapo kwa wakati huo. Kelele iwe ni kile kinachozidi wastani huo kwa kiasi kikubwa na kwa ghafla. Spika ya jirani inayopiga bila kukoma itamezwa ndani ya wastani, lakini mtoto anayepiga kelele mita moja kutoka kwenye dimbwi atajitokeza. Weka pia viwango viwili tofauti, cha kuzamia kiwe juu na cha kupandia kiwe chini, ili sauti inapochezea katikati kamongo asibaki akipanda na kushuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kihisi cha umbali nacho usikitegemee sana. HC-SR04 kinatuma sauti isiyosikika na kusubiri mwangwi. Kwa karatasi yake kinapima hadi mita 4, lakini nguo laini zinameza mwangwi, na mtu aliyesimama pembeni nje ya nyuzi 15 hivi hakioni. Ukiweka viwili au vitatu kuzunguka dimbwi, vifyatue kwa zamu, angalau milisekunde 60 kati ya kimoja na kingine, vinginevyo kimoja kitapokea mwangwi wa mwenzake. Vile vihisi vya joto la mwili vinavyowasha taa za getini sikupendekezei chini ya hema mchana, kwa sababu hewa ikikaribia joto la mwili vinamwona mtu kwa shida.

mcheza_ngoma_Kisesa anajibu:

Wanangu, mimi si mtu wa mitambo, ni mtu wa ngoma, lakini mnachozungumza hapa nakifahamu kwa njia nyingine. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili pinzani, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo tangu zamani wachezaji walibuni mambo ya kushtua: nyoka, vichekesho, na sanamu za mbao, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa. Hamuanzishi kitu kigeni katika nchi hii.

Nililojifunza ni kwamba watazamaji hawaangalii jambo moja. Wanaangalia jambo, kisha wanaangalia nyuso za wenzao. Mtu mmoja akigundua siri, atawaonyesha wengine, na hapo ndipo duara linapojaa. Sanamu yako isiitikie watu kumi kwa usawa. Imchague mmoja, yule aliye karibu zaidi, imgeukie yeye, wengine wamwone anavyochaguliwa. Kila mmoja atataka zamu yake.

Na kabla hamjaandika programu yoyote zaidi, fungeni kamba kwenye shingo ya huyo kamongo, mmoja wenu ajifiche nyuma ya turubai, acheze kwa mkono kwa kanuni hiyohiyo, na watoto wa mtaani waitwe. Mtaona kwa jioni moja ni muda gani wa kusubiri unaowafaa. Mkono wa mtu unajua mambo ambayo mtayaandika baadaye.

mchongaji_Bukoba:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kamba naliunga mkono kwa mikono miwili, nami naliongezea moja: mkimchezesha kwa kamba, mtagundua kwamba mtoto akirudia kupiga makofi mara ya tano, mkono wenyewe unachoka kumzamisha. Liandikeni hilo. Kelele ileile ikirudiwa, kamongo apunguze hofu kidogo kidogo, ashtuke shavu tu bila kuzama, kisha baada ya dakika chache za utulivu hofu irudi. Watu watasema amewazoea.

Hilo la kumchagua mtu mmoja nakubali pia, ila kwa kihisi kimoja cha mbele halitawezekana. Vihisi vitatu vinavyofyatuliwa kwa zamu vitampa kamongo kushoto, kati na kulia, na inatosha.

mama_wa_wawili_Buswelu anajibu:

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mzazi tu ninayekwenda Nane Nane na watoto kila mwaka. Sijaona mtu akitaja vidole. Mtoto akiambiwa kuna samaki anayesikia, kitu cha kwanza atakachofanya ni kumtia mkono mdomoni. Hilo taya lenye gia za chuma likifunga itakuwaje? Na hao watoto wa mtaani mnaotaka kuwaita kwenye jaribio la kamba, je, pale karakana hakuna mitungi ya gesi na vyuma vya moto?

saketi_Igoma:

Dada, umesema la maana kuliko yote. Ndugu fundi, taya liondolee sevo ya chuma, uweke ile ndogo ya plastiki ya SG90 ikivuta kwa uzi wa mpira, ili likizuiwa na kidole mpira unyumbuke bila kubana. Shingo iwekee kikomo cha chuma kisichoiruhusu kushuka chini kabisa, ili ibaki nafasi ya mkono kati ya kidevu na ukingo. Nafasi kuanzia ukingo wa dimbwi hadi kamongo iwe zaidi ya urefu wa mkono wa mtoto. Na swichi kubwa nyekundu ya kukata umeme wa mota, bila kugusa umeme wa bodi, iwe kwa mtu anayesimamia na si nyuma ya hema.

fundi_chuma_Nyakato:

Shikamoo Mzee wa Kisesa, na asante Dada. Jaribio la kamba tumelihamishia uwanja wa shule iliyo jirani, mwalimu mkuu ametukubalia Ijumaa jioni. Taya nalibadilisha leo, na dimbwi nalipanua hadi mita 1 na nusu kila upande, ingawa itanibidi niongeze mabati.

Limebaki swali dogo. Mwenzangu anataka tuweke kibao kilichoandikwa "Tafadhali nyamaza, kamongo anasikia". Mimi naona kinaua mchezo.

mchongaji_Bukoba:

Kinaua. Anayesoma kibao anatii kibao, na kamongo anakuwa mtihani wa tabia njema. Andikeni tu "Kamongo wa Ziwa Viktoria", na kwa wale wanaotaka kujua zaidi andikeni kwamba samaki huyu huvuta hewa kwa mapafu. Kama siku ya kwanza hakuna aliyegundua hadi saa sita mchana, mwambie msimamizi asimame karibu na dimbwi aongee kwa kunong'ona na mtu yeyote atakayekuja. Atakayejibiwa kwa kunong'ona naye atanong'ona.